Silikoni kwenye nywele za kipilipili: namna ya kuitumia nywele zisikauke

"Dada, nimesoma nyuma ya chupa nimekuta dimethicone, niitupe?" Hilo ndilo swali la kwanza. La pili huja na malalamiko: "Tangu nianze siramu nywele zinang'aa, lakini ukizishika ni kavu kama katani. Nimekosea wapi?" Nimeyajibu haya mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo, na ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

Usiitupe. Dimethicone ni aina ya silikoni, na siramu nyingi za kung'arisha nywele hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni haikaushi nywele, na wala haizipi maji. Ni kifuniko. Ukifunika sufuria yenye maji, maji yanakaa. Ukifunika sufuria tupu, utafunua tupu. Bibi zetu walifanya kazi hiyo hiyo kwa mafuta ya mgando, ila silikoni ni nyepesi zaidi, inateleza vizuri na haikusanyi vumbi la barabarani kama mgando. Nywele za kipilipili huhitaji kifuniko kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye nywele iliyojikunja. Shina linapata, ncha inabaki na njaa.

Mimi mwenyewe nilikosea kwa miezi mingi nilipoacha dawa ya kulainisha nywele. Kila asubuhi nilipaka siramu kwenye nywele kavu, natoka nyumbani nang'aa. Jumamosi naosha kwa kondishena peke yake, maana nilisikia shampuu ni adui. Baadaye nikaanza kuokota vipande vifupi vifupi vya nywele mabegani, nikailaumu siramu, kumbe nilikuwa nafunika nywele kavu juu ya kifuniko cha jana, na cha juzi, na cha wiki iliyopita.

Soma chupa kabla ya kununua

Viambato huorodheshwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1 ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Silikoni utaitambua kwa mwisho wa jina: -cone, -conol, -siloxane. Ukiikuta kwenye majina matano ya mwanzo, ipo ya kutosha. Ukiikuta baada ya neno Parfum (manukato), ni kidogo mno, usiumize kichwa.

Zenyewe hazifanani, na hapa ndipo watu wengi wanapotea kwa kuziweka zote kapu moja:

- Dimethicone na dimethiconol hushika nywele, na maji matupu hayaziondoi. Zinataka shampuu.
- Cyclopentasiloxane na cyclomethicone huruka hewani zenyewe baada ya kupaka. Kazi yake kubwa ni kuzibeba zile nzito zisambae vizuri, ndiyo maana siramu nyingi huanza na jina hilo kisha dimethicone inafuata.
- Amodimethicone huvutwa zaidi na sehemu za nywele zilizoharibika, na haijirundiki ovyo juu yake yenyewe. Kwa nywele zilizowekwa rangi mimi naipenda kuliko zote.
- Zenye PEG mbele, mfano PEG-12 dimethicone, huyeyuka kwenye maji. Shampuu laini inazitoa bila ubishi.

Ukiwa na siramu isiyoeleweka, dondosha tone kwenye glasi ya maji, funika utikise. Ikijikusanya juu kama mafuta ya mchuzi, itataka shampuu. Ikichanganyika, ni ile ya kuyeyuka. Usijaribu hivi kwa kondishena, maana yenyewe imeshatengenezwa ichanganyike na maji na itakudanganya.

Na vile vikopo vya kupimiwa, visivyo na karatasi ya viambato? Muuzaji atakuapia kuwa ni "mafuta safi ya asili". Siramu ya nazi inayoteleza kama hariri na kukauka mkononi ndani ya dakika moja si nazi. Nunua kitu chenye maandishi.

Wengine wananiuliza kama ni kweli Ulaya wameipiga marufuku silikoni. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2020 umezuia cyclopentasiloxane kufikia asilimia 0.1 kwenye bidhaa za kuosha na kusuuza, na mwaka 2027 zuio linafika kwenye bidhaa za kupaka na kuacha. Sababu ni mazingira: inadumu mno inapoingia kwenye maji. Dimethicone haimo kwenye zuio hilo.

Andaa hivi

- Shampuu ya kusafisha kwa kina. Tafuta sodium laureth sulfate au sodium C14-16 olefin sulfonate karibu na mwanzo wa orodha, na kusiwe na jina lolote la -cone. Shampuu nyingi za "mbili kwa moja" zina dimethicone ndani yake. Hizo haziwezi kuwa fagio lako.
- Shampuu laini ya kawaida, kwa wiki nyingine. Yenye cocamidopropyl betaine inatosha.
- Kondishena ya kusuuza inayoteleza. Usiogope neno cetearyl alcohol, ile ni alkoholi ya mafuta na inalainisha. Ya kuchunga ni alcohol denat. ikiwa mwanzoni mwa orodha.
- Kondishena ya kuacha kichwani, ambayo kiambato chake cha kwanza ni maji (Aqua).
- Siramu au krimu yenye silikoni.
- Chanuo la meno mapana, vibanio vinne, chupa ya kunyunyizia, fulana kuukuu ya pamba.
- Kofia ya plastiki ya kuogea. Zamani tulivaa mfuko wa rambo na maisha yakaenda. Tangu mifuko ipigwe marufuku Tanzania mwaka 2019, kofia moja ya kuogea inakaa mwaka mzima.
- Maji ya kutosha. Kama ya kwako ni ya kisima chenye chumvi, tenga dumu moja la maji ya mvua au ya bomba kwa suuzo la mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Anza upya. Fumua, gawa kichwa mafungu manne, bana. Lowesha fungu moja moja mpaka maji yafike kwenye ngozi. Weka shampuu ya kusafisha kwenye ngozi ya kichwa, sugua kwa ncha za vidole, kucha zisiguse. Povu likishuka, lipitishe kwenye urefu kwa kubana na kuachia; usizirundike nywele juu ya kichwa na kuzifikicha kama unafua, utaamka na mafundo. Suuza, rudia mara ya pili. Mara ya kwanza povu litakuwa dogo kwa sababu linapambana na uchafu. La pili likijaa ujue kazi imefanyika. Nywele zitahisi kavu na zitalia kidogo ukizibana. Ni sawa, leo tu tunataka hivyo.

2. Kondishena papo hapo. Usitoke bafuni kwenda kupika. Paka kwa wingi kwenye urefu na ncha, vaa kofia ya plastiki, kaa dakika 15 hadi 20. Ukiwa na stima ya saluni vizuri, usipokuwa nayo zungushia kitambaa cha moto juu ya kofia. Halafu chana kuanzia nchani ukipanda kuelekea shina, kondishena ikiwa bado kichwani. Anayechana kutoka shinani anasukuma fundo moja lipande juu ya jingine.

3. Suuza, lakini usikaushe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanajifunga taulo nusu saa, wanapiga simu mbili tatu, ndipo wanakumbuka siramu. Maji ndiyo unyevu wenyewe, hakuna mwingine. Bana nywele kwa fulana ya pamba zisidondoshe maji tu, mara moja ingia hatua ya nne.

4. Kondishena ya kuacha, fungu kwa fungu. Fungua fungu moja, matatu yabaki yamebanwa. Likiwa limeanza kukauka, linyunyizie maji. Chukua kondishena kiasi cha punje ya karanga mbili, sambaza viganjani, pitisha kwa vidole mpaka nchani. Nywele zako zikiwa nzito na ndefu ongeza, zikiwa nyepesi punguza. Nywele iwe na ubaridi wa maji na utelezi kwa pamoja.

5. Sasa funika. Matone mawili ya siramu kwa fungu, si zaidi. Yafikiche viganjani mpaka viganja vyote ving'ae, kisha paka kuanzia vidole vitatu kutoka kwenye ngozi kwenda chini, ukibakiza ya kutosha mkononi kwa ajili ya ncha. Ncha ndizo kongwe na ndizo zinazosuguana na kola ya shati, zipewe kipaumbele. Ngozi ya kichwa haihitaji silikoni hata kidogo.

6. Sokota au suka, uache zikauke. Misokoto ya nyuzi mbili au mabutu ya kawaida yanatosha. Ukizifungua zikiwa na unyevu zitavimba na kurudi juu, uanze kulalamika kwamba siramu haishiki. Usiku funga kitambaa cha satini. Khanga mpya ya pamba inanyonya na kukwaruza, iache kwa shughuli nyingine.

7. Katikati ya wiki usiongeze siramu juu ya ukavu. Changanya kwenye chupa maji na kijiko kimoja cha kondishena ya kusuuza, tikisa, nyunyiza kidogo kwenye misokoto, bana kwa kiganja. Maji matupu wakati mwingine yatadondoka juu ya kifuniko kama juu ya jani la mgomba. Kondishena huyasaidia yashike. Siramu irudi kwenye ncha pekee, tone moja kwa kichwa kizima, tena baada ya kunyunyiza.

8. Osha kwa ratiba, usisubiri kichwa kilalamike. Kama unatumia dimethicone, shampuu kila baada ya siku 7 hadi 14. Shampuu laini ikae kwenye zamu za kawaida, ile ya kusafisha kwa kina iingie mara moja kwa mwezi hivi. Wa PEG pekee wanaweza kukaa na shampuu laini muda mrefu zaidi. Ukiogelea baharini au unafanya mazoezi kila siku, sogeza zamu karibu.

Mafuta ya nazi yanaingiaje hapa? Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kabla ya shampuu. Nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kuyapaka juu ya silikoni ni kupoteza nazi, na foronya itakuwa shahidi wako. Mafuta ya nyonyo ni mazito na nayo ni kifuniko. Chagua kimoja, usivae koti juu ya koti.

Ukitaka kunyoosha kwa pasi

Hapa silikoni inastahili sifa zake, kwa sababu inapunguza msuguano na kuusambaza moto taratibu. Paka siramu nywele zikiwa na unyevu kabla ya drayari, kausha kabisa, ndipo pasi ifuate. Nywele ikitoa mlio wa kukaanga ujue ndani bado kuna maji. Maji hayo yanachemka ndani ya unywele na kuuacha na mapovu madogo, na hapo ndipo utakatika. Kwa nywele za kipilipili mimi sipandishi zaidi ya nyuzi 180, na napitisha mara moja, mbili kwa shida. Ukimkuta msusi anaongeza siramu juu ya nywele kavu kila baada ya mpito wa pasi, mwambie kwa upole, "Dada, hiyo inatosha."

Wanaosuka rasta na wenye dredi

Kabla ya rasta osha kwa kina na usipake silikoni. Mosi, nywele zitateleza mikononi mwa msusi na mistari haitashika. Pili, wiki sita utakazokaa na rasta huwezi kuosha urefu vizuri, kwa hiyo ulichokipaka siku ya kwanza ndicho utakachofumua nacho. Weka kondishena ya kuacha, basi. Siku ya kufumua ndiyo siku ya silikoni: siramu au kondishena yenye utelezi kwenye fundo la vumbi linalokaa shinani, ulifungue kwa vidole kabla maji hayajaligusa. Likiloweshwa kwanza linakaza kama gundi.

Wenye dredi, achaneni na dimethicone. Ikiingia katikati ya dredi hakuna povu litakaloifuata huko.

Makosa ninayoyaona kila siku

Siki ya tufaha haiondoi silikoni. Inafanya nywele ziteleze na zing'ae, ukadhani imetoka, kumbe imo. Magadi soda ni mabaya zaidi: yanafungua magamba ya unywele, na nywele za kipilipili magamba yake tayari yananyanyuka kwenye kila kona ya mkunjo. Sabuni ya mche nayo, ikikutana na maji ya kisima yenye chumvi, huacha utando mweupe mgumu kuliko silikoni yenyewe. Na yule anayesema sabuni ya vyombo inasafisha vizuri anasema kweli, ila ukiwa na shampuu ya kusafisha hakuna sababu ya kujitesa.

Kosa jingine ni la glisirini. Ukiwa Dar au Tanga hewa ina maji mengi, kondishena yenye glisirini nyingi inavuta unyevu na nywele zinavimba. Ukiwa Dodoma wakati wa kiangazi, au ofisini chini ya kiyoyozi kutwa, au Ulaya msimu wa baridi hita zikiwa zimewashwa, hewa ni kavu na glisirini peke yake haikusaidii. Hapo ndipo kifuniko kinapolipa zaidi. Mtu anahama mji, anabeba chupa zile zile, halafu anasema nywele zimebadilika.

Mambo yakienda kombo

*Maji yanateleza juu ya nywele, hayaingii.* Kabla hujalaumu silikoni, fanya jaribio la butu moja. Osha butu moja tu la nyuma kwa shampuu ya kusafisha, mara mbili, weka kondishena, liache likauke pamoja na mengine. Likiwa laini na jepesi kuliko jirani zake, una mrundikano. Rudi hatua ya kwanza kichwa kizima. Yakifanana, silikoni haihusiki: nywele zako hupokea maji polepole kwa asili, nazo zinataka maji ya vuguvugu na muda zaidi chini ya kofia ya plastiki.

*Nimeosha kwa kina na bado ni ngumu kama waya.* Angalia maji. Chumvi za kalsiamu na magnesiamu za kisima hukaa kwenye nywele na hisia yake ni ile ile ya mrundikano. Osha mara moja kwa maji ya mvua mwanzo mwisho. Zikilainika, umempata mhalifu. Kwa kudumu, tafuta shampuu ya kusafisha iliyoandikwa disodium EDTA au tetrasodium EDTA, na suuzo la mwisho liwe la dumu lako.

*Vipande vidogo vyeupe kama mba vinatoka nikigusa nywele.* Mara nyingi ni jeli na siramu au krimu havipatani. Vichanganye kiganjani kabla ya kupaka. Vikikatika kama maziwa yaliyoganda, badilisha kimojawapo. Usimwagie kichwa dawa ya mba kwa kosa la jeli.

*Kichwa kinawasha, chunusi zinatoka kwenye paji.* Umepaka karibu mno na ngozi, au kitambaa chako cha usiku hakijafuliwa. Rudi kwenye ile kanuni ya vidole vitatu, fua satini kila wiki. Kukiwa na vidonda, magamba mazito au nywele kutoka na mizizi yake kwa mafungu, nenda kwa daktari wa ngozi, hapo siramu siyo mada tena.

*Nywele zimekuwa laini kupita kiasi, kama pamba mbichi, hazishiki hata msuko.* Kondishena imezidi na kofia imekaa muda mrefu mno. Ruka stimingi wiki mbili, tumia kondishena ya protini mara moja (tafuta hydrolyzed keratin au hydrolyzed wheat protein), kisha endelea kama kawaida.

*Zinakatika ncha tu.* Ncha iliyopasuka haiungwi na silikoni. Inagandishwa kwa siku chache ikaonekana nzima, ukiosha inafunguka tena. Mkasi, sentimita moja au mbili, halafu ndipo ufunike zilizobaki.

*Nimeamua kuacha silikoni kabisa.* Hakuna miezi ya "kusafisha sumu" inayohitajika. Shampuu ya kusafisha mara mbili siku moja, urudie wiki inayofuata kama ulikuwa unapaka nyingi. Wiki za mwanzo nywele zitafunga mafundo kuliko ulivyozoea, maana utelezi umeondoka. Chana zikiwa na kondishena, na usishangae kama kufikia mwezi wa pili utaitafuta ile chupa tena. Wengi ninaowajua waliitafuta.